Mwenye Akiba Kidogo Ahesabiwe Maskini au Tajiri?

Katika darasa letu limeletwa suala ambalo juu juu laonekana ni la hisabu tu, lakini ukilichimbua utaona kuwa ni la uadilifu. Mmoja wetu ana mjomba wake, mzee aliyehamia London zamani, akafanya kazi huko mpaka nguvu zikamwishia. Mzee huyo aandika kwamba yeye na jirani yake walikuwa na kazi moja na mshahara mmoja. Jirani alikula chake chote, kila kilipopatikana kikatumika. Yeye alijinyima, akaweka. Sasa wote wawili ni wazee, na pensheni zao hazitoshi. Serikali yamwongezea jirani kwa ukamilifu, naye yeye apunguziwa kwa sababu ya ile akiba. Auliza: “Mimi nimekosa nini?”

Kabla ya kujibu, yafaa msomaji aijue sheria yenyewe. Tangu mwaka 2003 Uingereza ina nyongeza apewayo mzee ambaye mapato yake ya juma hayafiki kiasi kilichowekwa. Akiba isiyozidi pauni 10,000 haiguswi. Ikizidi hapo, kila pauni 500, au sehemu yake, huhesabiwa kuwa yamwingizia mwenyewe pauni moja kila juma. Tuseme basi mzee wetu ana pauni 14,000. Zilizozidi ni 4,000, nazo ni mafungu manane, kwa hivyo ahesabiwa apata pauni nane kila juma, na nyongeza yake hupunguzwa kwa kiasi hicho. Ikiwa nyongeza aliyostahiki ilikuwa pauni saba, basi hapati kitu. Tena akiikosa nyongeza hiyo hukosa na yale yaifuatayo, kama vile kuangalia televisheni bila ya kulipa leseni kwa aliyetimu miaka 75.

Sasa tazama hisabu hiyo kwa makini. Pauni moja kila juma ni pauni 52 kwa mwaka, nazo zadaiwa kutoka katika pauni 500. Hiyo ni faida ipitayo kumi katika mia! Ni benki gani impayo mzee faida kama hiyo kwa akiba yake ndogo? Watetezi wa sheria husema kwamba haikukusudiwa riba, bali mzee atarajiwa ale kidogo kidogo katika mtaji wake. Haya, tukubali. Lakini Mwislamu aliyekataa riba, akaziacha fedha zake zikae bila kuzaa, ahesabiwa mapato sawasawa na aliyeipokea. Riba hakula, na kwa hisabu ya daftari ameila.

Huko Marekani mambo ni mazito zaidi. Msaada wa serikali wa wazee na vilema wasio na kitu haupewi mtu mwenye mali ipitayo dola 2,000, wala mume na mke wenye kupita 3,000. Kikomo hicho kimewekwa tangu mwaka 1989, na hakikupandishwa hata kidogo, ingawa bei ya mkate na ya dawa haikungoja. Hapo hakuna kupunguziwa kidogo kidogo: ukikipita kikomo kwa dola moja, umetoka mlangoni.

Basi twarudi kwa suala la mzee, na kwanza hatuna budi kumwambia jambo ambalo pengine halitamfurahisha. Msaada si tuzo. Jirani yake hakupewa kwa kuwa alikula mali yake. Amepewa kwa kuwa leo ana njaa. Anayeuliza “nimekosa nini” amechanganya mambo mawili, nayo ni kustahiki kwa wema na kustahiki kwa haja. Sisi pia katika zaka hatumwulizi fakiri amefanyaje hata akafikia ufakiri. (Mdaiwa ni mbali: aliyekopa kwa ajili ya maasi hapewi fungu la wadaiwa mpaka atubu. Lakini hilo ni fungu jingine.) Tena hazina ya serikali ni mali ya watu. Mwanamke afagiaye maofisini alfajiri hukatwa kodi yake humo, na si haki akatwe ili kumwongezea mtu mwenye maelfu mengi yaliyolala benki. Kwa hivyo kuweko kipimo, kwa asili yake, si dhulma.

Ila kipimo cha nini? Hapa ndipo penye mzizi, na wanavyuoni wetu walilijadili zamani kuliko mabunge ya Ulaya. Madhehebu ya Hanafi yamesema: mwenye kumiliki nisabu, dirhamu 200 au thamani yake, iliyozidi haja zake za asili, huyo ni tajiri, naye hapewi zaka. Huo ni mpaka wa mali, wajulikana, hauna ubishi, na karani yeyote aweza kuutumia. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, hayakuweka mpaka wa namna hiyo. Yameangalia kutosheka. Maskini kwao ni yule mwenye kitu lakini hakimtoshi, naye aweza kumiliki nisabu na bado akawa maskini. Hoja yao mojawapo ni ile jahazi ya katika Suratul Kahf: wenyewe walikuwa na chombo, wakifanya kazi baharini, na juu ya hayo wakaitwa maskini. Sisi tulio pwani twaifahamu hoja hiyo bila ya sherehe. Nani asiyemjua mvuvi mwenye ngalawa yake mwenyewe ambaye jioni nyumbani kwake hakuna cha kupika?

Imam Nawawi katika Minhaj yake asema kwamba nyumba mtu aikaayo na nguo zake hazimtoi katika ufakiri, tena kwamba iliyo sahihi zaidi ni kupewa kinachomtosha kwa umri wa kawaida wa watu, hata aweze kununua milki itakayompa mapato. Tazama tofauti! Sheria ile humtaka mzee ale mtaji wake, na fikihi hii yataka awe na mtaji.

Nyumba nayo ina ajabu yake. Huko Uingereza nyumba mtu aikaayo haihesabiwi katika nyongeza hii, na hilo ni jema. Lakini aliyebahatika kununua nyumba, ikapanda bei mpaka kufika malaki ya pauni, ahesabiwa hana kitu; na mpangaji ambaye hakuweza kununua, akaweka vijipauni 14,000, ahesabiwa anacho. Kwa kipimo cha kutosheka, wawili hawa wangetazamwa kila mmoja kwa hali yake.

Hatusemi kwamba njia ya kutosheka ni nyepesi. Yataka mtu wa kumjua mtu, na katika mji wa mamilioni nani amjuaye nani? Kikomo cha mali kina udhaifu, lakini hakina upendeleo. Kamati ijuanayo na watu huweza kuwa na upendeleo mwingi, nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Wengine wameona heri kuacha kupima kabisa. Serikali ya Zanzibar tangu mwezi wa Aprili 2016 ilianza kumpa kila mzee aliyetimia miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, mwenye akiba na asiye nayo. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 kwa mzee wa miaka hiyo asiye na pensheni, bila ya kumhesabia akiba yake. Ni kidogo, kweli, na tajiri pia hupata. Lakini hapo hupata na yule mwenye haya, ambaye asiyemjua humdhani kuwa tajiri kwa kujizuia kwake. Uingereza, kwa hisabu za serikali yenyewe, katika kila wazee watatu wanaostahiki nyongeza karibu mmoja haombi. Fomu ni ndefu, na maswali yaingia mpaka ndani ya sanduku. Beveridge, katika taarifa yake mashuhuri ya mwaka 1942, alikwisha kuonya kwamba watu huchukia kupimwa mali kwa kuwa huonekana kama adhabu kwa mtu aliyeweka akiba.

Wako wanaomshauri mzee azitoe fedha kwa watoto wake kisha aombe. Hilo twalikataa. Kwa sheria ya huko, aliyejivua mali ili apate msaada huhesabiwa bado anayo. Na kwa sheria yetu ni hila, ndugu ya ile ya mtu ampaye mkewe mali mwaka ukikaribia kutimia ili aikimbie zaka, nayo wanavyuoni wameilaumu. Mzee na aseme alicho nacho. Kisha aombe bila ya aibu, kwani wengi wenye akiba hudhani hawana haki kumbe wanayo, angalau kwa upungufu. Na kwa nyongeza hii pauni 10,000 si mwisho wa haki, ni mwanzo wa kupunguziwa tu.

Limebaki jambo moja katika barua yake. Asema kwamba katika zile 14,000, elfu tatu ni za sanda na kaburi, hataki watoto wachangishe watu. Tumemjibu hivi: akizilipa mapema kwa mkataba wa mazishi, sheria haizihesabu, akiziweka benki kwa nia hiyo hiyo, yazihesabu. Nia yake ni moja katika hali zote mbili, lakini karani haoni nia, huona karatasi.