Walimu na Mkuu Wasiyempenda

Kutoka Buswelu, yaliko makao ya Manispaa ya Ilemela, hakuna mwendo mrefu mpaka Bujora karibu na Kisesa, ambako makumbusho ya Wasukuma yana jengo lililofanywa kwa umbo la kiti cha enzi. Mgeni hulistaajabia umbo lake. Mwenyeji hukumbuka jambo ambalo kuta haziwezi kulisema. Kiti cha ntemi hakikuwa mali ya aliyekikalia. Walikuwapo banang'oma, wazee wa baraza, ambao ntemi alipofariki ndio waliomtafuta mrithi, kwa desturi ya zamani miongoni mwa wana wa dada zake, nao ndio waliomtawaza. Mvua ikikosa kunyesha au hukumu zikipotoka, wazee hao hao waliweza kumwondoa. Kila aliyekalia kiti kile alijua kwamba mikono iliyompandisha ilikuwa karibu.

Utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza uligeuza mambo. Ntemi alianza kupokea mshahara na amri kutoka bomani, na mtu huelekeza uso wake kule inakotoka riziki yake. Wazee walibaki na heshima, lakini nguvu ya kumwondoa mtawala mbaya iliwatoka. Walioongozwa walipokosa mlango wa kupitishia neno, walitumia miguu: mwaka 1958 watu wa Geita waliolikataa baraza la wilaya la mseto walikuja kwa makundi mpaka Mwanza kuonyesha kukataa kwao. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Walakini umbo la shida ile halikufutwa pamoja nao, maana kila mahali ambapo mteuzi yu mbali na waongozwao wa karibu, shida hiyo huzaliwa upya. Chuo kikuu ni mahali pa namna hiyo. Mkuu wake huteuliwa na mamlaka iliyo juu ya chuo, iwe serikali au, kama katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe, taasisi ya dini iliyokiasisi. Walimu humpokea, hawamtawazi, wala hawawezi kumtawua.

Basi ikiwa mkuu hapendwi, walimu wana haki gani ya kumpinga?

Wako wasemao kwamba hawana haki yoyote. Mwalimu ni mtumishi. Aliyeajiriwa kufundisha na afundishe, uongozi uachiwe wenyewe. Kauli hii ina adabu ya juu juu, lakini inasahau kazi ya mwalimu ni nini. Mtu alipwaye ili awazoeze vijana kupima hoja hawezi kuambiwa aiweke mizani yake chini kila apitapo mbele ya ofisi ya mkuu. Wako pia wasemao kinyume, kwamba mkuu asiyependwa na walimu wake hafai, na kutopendwa kwake ni ushahidi wa kutosha. Hili nalo ni jepesi mno. Kutopendwa si kosa. Mkuu adaiye alama za mitihani zitolewe kwa wakati hapendwi. Akatazaye gari la chuo lisiende shambani kwa mtu hapendwi. Aulizaye kwa nini darasa la saa mbili lilianza saa tatu hapendwi kabisa. Kama chuki ya walimu ingekuwa sheria, vyuo vingebaki na wakuu wapole wasio na kazi.

Tukio lililo wazi kupita mengine katika Afrika Mashariki ni lile la Julai 1971 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilikuwa kimepata kuwa chuo cha taifa Julai 1970, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa Makamu wake, yaani mtendaji wa kila siku, aliyetoka katika ukatibu mtendaji wa TANU. Mwaka huo huo wa 1970 kikundi cha wanafunzi cha USARF na gazeti lake Cheche vilipigwa marufuku. Ndipo mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Akivaga, kijana wa Kenya, alipoandika barua ya wazi kwa Makamu wa Mkuu wa Chuo, akilalamikia namna chuo kilivyoendeshwa. Jibu la barua hiyo halikuwa barua. Kikosi cha kutuliza ghasia kiliingia chuoni na silaha, kijana akachukuliwa, akarudishwa kwao. Wanafunzi wakasusia masomo. Na baraza la walimu likakutana, likasimama upande wa wanafunzi.

Inafaa kuutazama uamuzi huo kwa utulivu, na kwanza kumpa mkuu haki yake. Nchi ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Chuo kilijengwa kwa jasho la wakulima ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani, wakiwamo wakulima wa pamba wa Usukuma. Aliyekabidhiwa chuo hicho angeweza kusema kwa haki kwamba kilima cha wasomi si dola ndani ya dola, na kwamba mkulima ndiye mwenye mali. Hoja hiyo ina uzito, na wasomi wengi huipita haraka kwa sababu inawachoma. Lakini hoja haipati nguvu kwa kuletwa na bunduki. Mkulima wa Buswelu aliyechangia kodi yake hakuitoa ili mwanawe akiuliza swali aondolewe chini ya ulinzi. Aliitoa ili mwanawe ajue kuuliza.

Walimu wale wa 1971 hawakukutana kwa ajili ya posho wala nyumba, wala hawakuwa wametukanwa wao. Kama wangenyamaza, mshahara wa mwezi ungeingia kama kawaida. Tena wengi wao walikuwa wageni wenye mikataba, ambao wangeweza kurudishwa makwao kwa urahisi ule ule aliorudishwa Akivaga. Walichokipinga hakikuwa sura ya mtu bali tendo, na tendo lenyewe lilikuwa limempata mwingine. Hapo ndipo yaonekana tofauti kati ya upinzani na uhasama. Mhasama hutaka mtu aondoke, na tendo lolote humfaa kuwa kisingizio. Mpinzani hutaka tendo liondoke, hata kama mtu atabaki. Si kwamba madai ya mshahara ni aibu. Walimu wa Makerere waliogoma mwaka 2016 walidai malipo yao, na mwenye njaa hafundishi vema. Ila dai la mshahara ni la mtumishi yeyote, wala halihitaji kuvikwa joho la uhuru wa taaluma.

Ipo sababu nyingine ya kupima maneno kabla ya kumpinga mkuu. Makerere, Oktoba 1972, askari wa Idi Amin walimchukua Frank Kalimuzo, Makamu wa Mkuu wa Chuo, na hakuonekana tena. Mkuu wa chuo, hata awe na ukali gani ndani, huenda ndiye ukuta pekee uliobaki kati ya chuo na wenye silaha. Mwalimu anayekwenda usiku kwa wakubwa wa serikali kumchongea mkuu wake hajui mkono anaoushika ni wa nani, wala utamfikia nani kesho.

Kuchongea huko, kwa bahati mbaya, ndiko upinzani wa kawaida zaidi. Waraka usio na jina husukumwa chini ya mlango. Mnong'ono huzunguka meza za chai. Mwanafunzi hutiwa maneno kinywani ili afukuzwe yeye, naye aliyemtia abaki akisahihisha karatasi zake. Watendao hivyo hujitetea kwamba wanaogopa, na hofu yao mara nyingi ni ya kweli: nchini Kenya mgomo ulioanza mwishoni mwa mwaka 1993, walimu wa vyuo vikuu wakitaka chama chao kiandikishwe, uliwagharimu viongozi wake kazi zao, na Rais Moi mwenyewe ndiye alikuwa Mkuu wa vyuo vyote vya umma. Hofu humsamehe mtu kunyamaza. Haimsamehi kumweka kijana mbele kama ngao. Banang'oma waliweza kutenda kimya kimya kwa sababu nguvu ilikuwa mikononi mwao. Mwalimu wa chuo hana nguvu ya kuondoa. Alilo nalo ni neno, na neno lisilo na mwenyewe halina thamani barazani.

Tarehe 19 Aprili 1990, walimu wa vyuo vya elimu ya juu nchini Tanzania walitoa Azimio la Dar es Salaam. Mwezi uliofuata, katika mgogoro mwingine wa wanafunzi na serikali, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa, na mwezi Novemba azimio la namna hiyo likatolewa Kampala kwa ajili ya wanazuoni wa Afrika. Watu hupenda kukumbuka nusu ya kwanza ya jina la Azimio la Dar es Salaam, uhuru wa taaluma. Nusu ya pili yasema juu ya wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na hiyo ndiyo iliyo ngumu. Mwalimu atiaye saini yake kumkataa mkuu asiyetaka kuulizwa, asubuhi ya pili ataingia darasani, na huko yeye ndiye mkuu. Ana kalamu ya alama, ana hadhi, na mbele yake yuko kijana aliyesoma kitabu ambacho mwalimu hakukisoma, naye ameinua mkono.