Nani Atasema Mbaazi Hazijaiva?

Gazeti la chakula lina shida ambayo gazeti la mpira halina. Mwandishi akisema Bandari FC ilicheza ovyo pale Mbaraki, mashabiki watamtukana siku mbili, kisha mechi nyingine ifike na yaishe. Lakini akiandika kwamba mbaazi za mama fulani wa Mtongwe hazijaiva, amegusa adabu, dini na riziki ya mtu kwa sentensi moja.

Wanafunzi wa biashara wanaweza kukutana na shida hiyo mapema kuliko wanavyodhani. Mpango wa Junior Achievement, ulioanzia Marekani mwaka 1919 na ambao umefika hadi katika shule za Kenya, huwataka vijana waunde kampuni ndogo, wauze hisa kwa wazazi na marafiki, wachague viongozi, watafute bidhaa, kisha mwishowe waifunge kampuni na kuwalipa wenye hisa. Wale wa diploma nao huandika mpango wa biashara kama sehemu ya mtihani. Miradi ya namna hii huelekea kwenye sabuni ya maji, shanga, achari na mabuyu ya rangi. Tuseme basi kwamba kundi moja la Kisauni limechoshwa na sabuni, likaamua kutoa jarida dogo la chakula: kurasa chache, picha za simu, bei isiyomshinda abiria wa matatu, nakala za kuuzwa Kongowea, Magongo na kwenye foleni ya feri ya Likoni. Bidhaa yao sasa ni maneno juu ya chakula kilichopikwa na watu wengine. Je, mtu ana haki ya kukitia kasoro chakula cha mwenzake, tena akalipwa kwa kufanya hivyo?

Mtoto wa Pwani hufunzwa jibu kabla hajajua kusoma. Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakukiumbua chakula hata mara moja: akikitamani alikula, asipokitaka alikiacha. Imam Nawawi aliliwekea jambo hilo mlango wake katika Riyadh as-Salihin, akaeleza humo pia kuwa kukisifu chakula ni jambo la kupendeza. Karibu yake akaweka kisa cha siki. Mtume aliuliza kitoweo nyumbani, akaambiwa hapana ila siki, akaagiza iletwe, akaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Mafunzo haya yamekuwa tabia. Ndiyo maana mgeni wa Timbwani au Mlaleo akipewa wali uliozidi chumvi huomba maji ya kunywa, basi, wala hasemi neno.

Majirani Wakristo nao hawako mbali na hapo. Katika Luka 10 Yesu anawatuma wanafunzi wake wale wanachoandaliwa katika mji utakaowapokea. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anawaruhusu kula wanachotengewa na mwenyeji asiyeamini bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Kwa hiyo mhariri kijana wa Changamwe, awe ametoka madrasa au Sunday school, anakaa mezani akiwa amefungwa mdomo na dini yake.

Ila tazama mafundisho yote hayo yanamsemesha nani. Yanamsemesha mgeni. Mgeni hakulipa kitu; alichowekewa ni hisani, na kuitoa kasoro hisani ni kumvunjia mtu heshima ndani ya nyumba yake. Anayesimama mbele ya karai pale kituo cha feri akiwa na noti mkononi si mgeni, ni mnunuzi, na mnunuzi ana hadithi nyingine. Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na majimaji. Muuzaji akajitetea kwamba imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, kisha likafuata onyo zito kwamba mwenye kudanganya si katika wao. Imo katika Sahih Muslim, na mpokezi wake ni yule yule Abu Huraira. Mtu mmoja alibeba mafunzo yote mawili na hakuona yanagongana.

Baadaye kazi hiyo ya kutia mkono kwenye rundo ikawa ofisi kamili, ofisi ya muhtasib, mkaguzi wa soko. Karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari alimwandikia mkaguzi kitabu cha mwongozo kinachokwenda kazi moja baada ya nyingine, waokaji mikate, wapishi, wauza samaki wa kukaanga. Hata wapika zulabia wana mlango wao, na humo anaagiza kikaango kiwe cha shaba nyekundu iliyo nzuri. Mtu aliyewahi kununua zulabia Mwandoni jioni ya Ramadhani anaweza kumwelewa mara moja. Al-Shayzari hazungumzii utamu. Anazungumzia chombo, mafuta, usafi na vipimo, yaani yale ambayo mteja hawezi kuyaona kwa kutazama tu.

Hapo ndipo jarida la wanafunzi linapopata nafasi ya kusimama. Chukua viazi karai, chakula kisicho na siri. Viazi huchemshwa, humenywa, huchovywa kwenye unga uliokorogwa na kutiwa rangi ya manjano, hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, huliwa na chatini ya ukwaju. Mmoja atapenda unga uwe mzito, mwingine ataka uwe utando tu. Wa tatu hataki ukwaju uliotiwa sukari. Hayo ni mambo ya ulimi, na mwandishi akiyageuza hukumu anajipa ukadhi asiopewa. Lakini mafuta yaliyokuwa meusi tangu juzi si suala la ulimi. Kadhalika gorogoro lililobonyezwa kitako ili mchele upungue, au maziwa yaliyotiwa maji na kuuzwa kuwa ni maziwa tu. Huo ndio ule unyevu ndani ya rundo. Sheria ya nchi nayo iko upande huo: Kenya humtaka mshika chakula awe na cheti cha afya, na kuuliza kama mpishi anacho si kumdharau.

Na mambo ya ulimi je, yaachwe kabisa? Si lazima. Mtume alipotengewa mjusi wa jangwani aliyechomwa aliurudisha mkono, akaeleza kwamba mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimtaki. Khalid bin al-Walid aliyekuwa ubavuni akamvuta akamla, huku Mtume akitazama. Ni mfano mzuri wa kukataa kwa adabu, na wahariri wengi wa magazeti makubwa hawaufikii: aliyekataa amesema yeye ni nani na ametoka wapi, wala hakusema chakula kibaya. Kijana aliyelelewa Mikindani kwa chapati na sukuma akiandika kwamba samaki wa kupaka wa Kisauni ana nazi nyingi kwake, msomaji amepata habari, na mpishi hakupoteza kitu.

Lipo pia suala la kusengenya, maana kumsema mtu kwa jambo analolichukia hata kama ni kweli ndiko hasa kusengenya. Nawawi anataja sababu sita zinazoruhusu, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu na madhara. Mlango huo upo, ila ni mwembamba. Hauruhusu kumchekesha msomaji kwa gharama ya mama wa watu. Na ukweli usemwe: safu nyingi za wakosoaji wa chakula duniani huishi kwa kuchekesha hivyo.

Hadi hapa tumezungumzia lawama, na ndizo zinazowatisha vijana. Hatari kubwa iko kwenye sifa.

Jarida dogo haliishi kwa bei ya nakala. Litaishi kwa matangazo, na watakaotangaza ndani ya jarida la chakula ni wauza chakula. Mwenye mkahawa wa Bombolulu atalipa robo ukurasa, kisha atatazamia, bila kusema, kwamba pilau yake itatajwa vizuri kurasa mbili mbele. Jambo hili ni kongwe kama kazi yenyewe. Paris, mwaka 1803, Grimod de La Reynière alianza kutoa almanaka yake ya walaji, akaunda baraza la waonjaji, na wafanyabiashara wakawa wanapeleka vyakula bure ili vihukumiwe na kuandikwa. Lawama za upendeleo zilimfuata hadi almanaka ikakoma mwaka 1812. Ndugu Michelin, watengenezaji wa matairi, walitoa mwongozo wao bure mwaka 1900. Mwaka 1920 wakaanza kuuuza na kuyaondoa matangazo ya kulipiwa, na nyota zilizowapa jina zikaja mwaka 1926. Jina hilo lilijengwa baada ya fedha za wanaohukumiwa kutolewa mlangoni, lakini Michelin walikuwa na matairi ya kuuza. Wanafunzi wa Kisauni hawana matairi.

Kuna njia nyingine, na ilipitiwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1928 chama cha wanawake cha kanisa la St Andrew, Nairobi, kilichapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, cha kuchangia kanisa. Kitabu cha mapishi hakimhukumu mtu. Kinafundisha tu, na tangazo la duka la unga likikaa pembeni halimpotoshi msomaji sana. Ni salama. Ni salama mno, pengine. Jarida lisilo na lolote ila mapishi ya mahamri, ambayo kila nyumba ya Pwani tayari ina yake na inaamini ndiyo sahihi, litanunuliwa na nani?

Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa mantiki hiyo kila tangazo ni la kushukiwa. Hapo methali inazidisha. Mama wa vitumbua aliye kichochoroni Magongo ana kitu kizuri kisichojiuza, kwa sababu hakuna apitaye njia ile. Kumtaja ni kumtendea haki. Kumtaja kwa sababu amelipa, na kumficha msomaji kwamba amelipa, ni kuweka nafaka kavu juu na mbichi chini, na safari hii mwenye rundo ni mhariri mwenyewe. Ukurasa wa tangazo ukiandikwa wazi juu yake kuwa ni tangazo, unyevu umewekwa juu watu wauone, na anayenunua amenunua akijua.

Mombasa ina kielelezo cha jarida dogo lililokubali kuudhi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, naye baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Aliwasema watu wake mwenyewe, juu ya elimu waliyoipuuza na juu ya kuwaiga Wazungu bila kupima. Hata hivyo alisema na umma mzima, akakosoa mwenendo. Hakusimama mbele ya karai la mtu mmoja na kulitaja kwa mtaa na kituo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa hoteli ya ufuoni Bamburi ikisemwa vibaya ina wakili, ina meneja wa masoko, na ina wageni wanaotoka mbali wasiosoma jarida la wanafunzi. Mama wa mbaazi wa Mtongwe ana wateja wa asubuhi wanaotosha sufuria moja. Wakipungua kumi, sufuria haiishi, na cha kesho kimekosa mtaji. Kwa hiyo haki haitaki kipimo kimoja kwa wote wawili: hoteli itajwe kwa jina, kasoro ya mama ielezwe kwake kwanza, uso kwa uso, na iandikwe tu ikiwa inaweza kumdhuru mlaji naye amekataa kuiondoa.

Watakaotaka kuandika juu ya mnazi watapata mtihani wao. Ukilitoa jarida la chakula cha Kisauni na Likoni ukaruka mangwe, yaani vilabu vya mnazi, umeziruka jioni za majirani wengi wa Kimijikenda. Ukiuandika, ustadhi hatakubali nakala iingie darasani. Paulo alilikuta jambo la sura hii katika soko la nyama la Korintho, akashauri mtu ajizuie kwa ajili ya dhamiri ya mwenzake hata kama yake haimsumbui. Ushauri huo unafaa kwa mlaji. Kwa mwandishi unafika nusu tu, kwani akijizuia kila mwenye dhamiri anapokohoa atabaki na picha za madafu.

Na kuna jambo moja ambalo mwalimu wa biashara akisahihisha mradi huu huenda asiliulize. Gazeti la kila siku likikosea leo husahihisha kesho; maadili yaliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 yanadai kosa lirekebishwe na aliyesemwa apewe nafasi ya kujibu. Kampuni ya wanafunzi hufungwa muhula ukiisha. Hesabu hupigwa, wenye hisa hulipwa, wahariri huenda chuo au huenda kutafuta kazi bandarini, na toleo la pili halipo. Mama aliyeandikwa vibaya hana pa kupeleka jibu lake. Basi nafasi yake ya kujibu iwe ndani ya toleo la kwanza, chini ya habari yenyewe: asomewe yaliyoandikwa kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, aseme lake, na maneno yake yachapwe kama alivyoyasema, hata kama atasema kwamba mbaazi ziliiva na mwandishi ndiye aliyefika kabla ya saa moja.