Rakaa Mbili Kwao

Mume wangu alisali Adhuhuri rakaa mbili katika mji aliozaliwa babu yake. Mimi, mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nisiye na hata jiwe moja Omani, nikasali nne.

Mpaka hapo safari yetu ilikuwa mapumziko matupu. Watu wawili waliostaafu, tumefikia kwa binamu yake Ibra, upande wa Sharqiya, kama saa mbili kwa gari kutoka Muscat. Asubuhi tende na kahawa chungu ya iliki, mchana usingizi, alasiri tunajikokota hadi Al-Minzfah, mtaa wa majumba ya zamani ambayo mengine yamebaki kuta na mbingu. Hakuna aliyetuharakisha. Jumatano wakanipeleka soko la wanawake, na bibi mmoja muuza nguo aliposikia matamshi yangu akaacha kupima kitambaa. "Weye wa mjini au wa shamba?" Kiswahili safi, cha Unguja ya utotoni mwake, hata maneno ambayo sisi tuliobaki tumekwisha kuyatupa. Nilinunua kanga nisiyoihitaji ili niendelee kumsikiliza.

Basi siku ile ya rakaa mbili nilimuuliza mume wangu, "Bwana, huku si kwenu?" Akacheka. "Kwetu kwa kusimulia."

Nieleze kidogo. Mimi ni Shafi. Kwetu, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena sala ya rakaa nne kuwa mbili; nasi tulikuja kwa wiki tatu. Yeye ni Ibadhi, na kwao siku hazihesabiwi hivyo. Akitoka mjini kwake umbali wa farsakhi mbili, kama kilomita 12, anapunguza. Tukienda Chwaka kula samaki yeye husali mbili na mimi nne, maana kwetu umbali huo hautoshi, na watoto wetu wamekua wakidhani baba yao mvivu. Tena ataendelea kupunguza mwezi, mwaka, hata miaka kumi, maadamu hajanuia kuufanya mji ule makazi yake ya kudumu. Waarabu wanayaita watan. (Sisi neno hilo linatukumbusha utani, na labda si vibaya.)

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na nne bila kuona sheria hiyo inasema nini. Haiulizi damu. Haiulizi pasipoti, wala kitovu kilizikwa wapi, na mimi nimelelewa kuamini kwamba kwenu ni kilipozikwa kitovu. Inauliza moyo wako umeamua kukaa wapi, na jibu unalitoa mara tatu kwa siku, Adhuhuri, Alasiri na Isha, hata kama hakuna anayekusikia.

Babu yake alifika Unguja kwa jahazi na pepo za kaskazi, kijana mwenye kisu na bahasha ya barua. Haijulikani alisali mbili kwa muda gani. Kinachosimuliwa ni kwamba alipooa na kupanda mikarafuu alisali nne, na akafa akisali nne. Alikuwa amekwisha kuamua. Kisha yakaja mapinduzi ya Januari 1964, na wanawe wakaambiwa kwamba hapa si kwao. Hapo ndipo ninapogombana na wanafiqhi. Nia ni ya mtu mmoja, lakini nchi ina wenyewe wengi, na wanaweza kukufungia mlango huku umekwisha kutia nia. Sijaona kitabu kinachomjibu mtu aliyenuia akakataliwa.

Ami yake mmoja alijibu kwa namna yake. Aliondoka mwaka ule, akahangaika, na baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi, akahamia Muscat. Akapata kazi. Akapata nyumba, na karatasi zote za uraia. Akaendelea kusali mbili. Mkewe alimuuliza mpaka lini, naye alisema mpaka ajue kwamba harudi tena Unguja. Miaka ikapita. Usiku mmoja, katika Isha, yule mama akiwa nyuma yake, alimwona anainuka kwa rakaa ya tatu. Alidhani amesahau, akataka kumpigia kofi kumkumbusha. Kisha akafahamu, akalia mpaka mwisho wa sala. Mzee hakulizungumza jambo hilo kamwe, wala hakuulizwa.

Wiki ya pili tulikwenda makaburini kumtafuta babu wa babu. Waibadhi hawapendi kulijenga kaburi wala kuliandika jina. Uwanja wa changarawe, mawe yamesimama bila neno hata moja: mawili kwa mwanamume, matatu kwa mwanamke. Binamu alinyoosha mkono, "Ni huku," kisha akausogeza, "au kule." Tulikuwa tumesafiri bahari nzima kuja kuangalia changarawe. Mume wangu hakuonekana kuhuzunika. Aliwaombea wote dua moja, akakung'uta viatu.

Jioni ya mwisho tulikaa kando ya falaji, mfereji ambao maji yake hugawanywa kwa zamu, kila shamba na saa zake. Binamu aliuonyesha upande wa Al-Minzfah. "Bin ami, nyumba ya babu yako kuta bado nzima. Tia nia tu, fundi nitamtafuta mimi." Alisema kwa upole, na alimaanisha. Mume wangu alitia mkono majini, akautazama. Mimi nilikuwa na maneno yangu, maana vitabu humfanya mke amfuate mumewe katika makazi, na hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilinyamaza, lakini si kwa sababu ya adabu. Nilitaka kujua.

Isha tuliisali chumbani, yeye mbele, mimi nyuma yake. Alichelewa kutoa takbira. Alisimama mikono chini, kama kawaida yao, muda mrefu hata nikasikia maji ya falaji nje. Rakaa ya kwanza. Ya pili. Akakaa kwenye tahiyatu, nami nikajikuta nimezuia pumzi, nikimtazama mabega kama yatainuka.

Akatoa salamu. Nikasimama kumalizia mbili zangu.