Wa Mwisho Kushoto

Sebuleni kwa baba mkubwa, hapa Kasense, kuna picha ya timu ya mpira ya mwaka 1984. Sita wamesimama, watano wamechuchumaa, na mpira uliopo katikati umeandikwa mwaka kwa chaki. Aliyechuchumaa wa mwisho kushoto ni baba mdogo. Siku hiyo walikwenda Laela kucheza, juu ya lori la mahindi, barabara ya Tunduma enzi hizo ikiwa vumbi tupu. Dakika za mwisho walipata penalti. Akapiga yeye. Mpira ukapaa juu ya mtambaa panya, wakafungwa moja bila.

Tangu nikiwa mdogo, kila mgeni akiitazama picha ile huonyeshwa huyo wa mwisho kushoto. "Ndiye aliyekosa penalti." Mgeni husogea, humtazama vizuri, halafu husema neno lile lile: "Ee, hata sura inaonyesha. Ana huzuni."

Sasa jamani, picha ilipigwa kabla ya mechi. Jezi zote ni safi.

Niliwahi kumuuliza mwenyewe. Akanishangaa. "Huzuni gani? Jua lilikuwa linanipiga machoni." Nilicheka siku ile. Baadaye nilipoifikiria sikucheka tena, maana huzuni ile tuliiweka sisi. Tulijua mwisho wa hadithi, tukarudi nyuma kuutafuta usoni pa mtu ambaye alikuwa hajui lolote.

Kamera za wakati ule, kwenye jua kama la kwetu, zilifungua jicho kwa sehemu moja hivi ya mia moja ya sekunde. Mkanda mrefu ulikuwa na picha 36, na mpiga picha aliubania kwa sababu ulikuwa ghali. Timu nzima ilipata picha moja. Swali langu ni hili: je, ni haki mtu aliyeishi miaka zaidi ya sitini kukumbukwa kwa kipande hicho cha sekunde?

Utaniambia, tatizo ni aibu. Picha ya sifa haimdhulumu mtu. Mimi nina wasiwasi hata na hilo. Mfikirie John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki, Mexico City. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, na wa 57 alikuwa yeye. Alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea kuchechemea hadi akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Picha zake za siku ile zimezunguka dunia nzima, na zinastahili. Mimi mwenyewe zimeninyanyua mara nyingi.

Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kilichofuata? Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kwa saa, huo ni muda mzuri kuliko ule uliompa Wolde dhahabu Mexico, ingawa Mexico ni mlimani na hewa ni nyepesi. Yaani yule tunayemsimulia watoto kama mtu wa mwisho alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa zama zake. Tumempenda sana akiwa anachechemea, hadi tumesahau kwamba alijua kukimbia.

Hata hivyo sitaki kuzionea picha. Bila ile ya ukutani, nani angemkumbuka baba mdogo kwenye soka? Wale wengine kumi hawakukosa chochote, na mimi najua majina ya wanne tu. Picha inamfunga mtu, na hiyo hiyo ndiyo inayomwokoa asipotee.

Baba mdogo alifariki mwaka juzi, mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukiwa mkali. Wakanipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Binti yake akaniomba: "Kaka, ya penalti usiyaandike. Wamemsema vya kutosha." Nilikaa na karatasi usiku kucha. Nikiyaacha, kila mtu pale msibani atayasikia tu, kwa sababu nimeyakwepa. Nikiyaandika, nitakuwa nimempigilia tena msumari pale pale ukutani. Mwishowe niliyapa nafasi inayoyatosha: sentensi moja, kati ya maksai aliowafundisha kulima na mashamba ya ulezi aliyowalimia wajane bila malipo.

Niliposoma sentensi ile, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasimama. Ni wa tatu kulia kwenye picha, waliosimama. Akasema, "Samahani, mwanangu, umeacha kitu. Nahodha alituuliza nani anapiga. Tukatazama chini wote kumi. Yeye alikuwa mdogo kuliko sisi sote, ndiye aliyenyoosha mkono."

Kimya. Miaka yote hiyo, wao kumi walikuwa wanajua. Binti yake alijifunika uso kwa kanga.

Siku hizi mgeni akiuliza, namwambia wa mwisho kushoto ndiye aliyekubali kupiga. Kisha najikumbusha kwamba hiyo nayo ni sekunde moja tu, ila ni nzuri zaidi. Basi namkaribisha mgeni akae, chai iletwe, nimweleze na habari za maksai.