Dawa ya Vita na Kosa la Marehemu



Vijana wetu siku hizi hucheza vita katika simu. Mchezaji hujichagulia shujaa mwenye uwezo upitao wa binadamu: huyu hurusha moto, yule ana ngao isiyoonekana, mwingine huponya wenzake. Uwezo huo una masharti. Kila pigo humpunguzia shujaa nguvu, na ngao hudumu kwa muda wake tu. Shujaa akianguka, huinuka tena akaendelea. Wazee hushangaa, lakini jambo hili si geni kwetu. Sisi tukaao Ilagala, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, tunatazamana na nchi ya Kongo. Huko watu walikwenda vitani kweli kweli wakitegemea uwezo wa namna hiyo, na walipoanguka hawakuinuka. Yafaa tulitafakari jambo hilo, maana ndani yake limo swali linalotuhusu sisi Wakristo.

Mwaka 1964 wapiganaji walioitwa Simba waliasi mashariki ya Kongo. Mwezi wa Mei waliutwaa mji wa Uvira, na mwezi wa Agosti wakaingia Stanleyville, ambao leo huitwa Kisangani. Kabla ya vita mpiganaji alifanyiwa dawa na mganga, akaambiwa kwamba risasi ya adui itageuka maji. Waliposonga mbele walipaza sauti, "Mai Mulele!" yaani maji ya Mulele, kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza maasi ya Kwilu. Lakini dawa ilikuwa na miiko yake. Usimguse mwanamke. Usiibe. Usitazame nyuma. Na mwiko mkubwa kuliko yote: usiogope.

Tusiseme upesi kwamba huo ulikuwa upuuzi mtupu. Dawa ile ilifanya kazi, ila haikufanya kazi juu ya risasi. Ilifanya kazi juu ya mioyo. Mpiganaji aliyeiamini alisahau hofu. Na askari wengi wa serikali waliiamini vile vile, hata walipowaona Simba wakija, walitupa bunduki wakakimbia. Ndivyo miji ilivyotekwa.

Hata hapa kwetu, mwaka 1905, maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ya kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani. Watu wale hawakuwa wajinga. Walionewa, na walihitaji neno la kuwapa ujasiri na kuwafanya wamoja.

Lakini risasi haina moyo wa kutishika. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, wakaangushwa na bunduki za rashasha. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amekwisha kunyongwa mapema mwezi huo. Vita vilipokwisha mwaka 1907, waliokufa, wengi wao kwa njaa, walikuwa makumi ya maelfu. Wako wanaokadiria hata 300,000. Na kule Kongo, walipokuja mamluki wasioiamini dawa, Stanleyville ilitoka mikononi mwa Simba tarehe 24 Novemba 1964.

Sasa yafaa tujiulize: kwa nini watu hawakuiacha dawa walipoona wenzao wanakufa? Jibu limo katika miiko ile. Mwezi wa Aprili 1965 Ernesto Che Guevara na wenzake kutoka Kuba walivuka ziwa hili, wakitokea Kigoma, kwenda kuwasaidia waasi. Katika kumbukumbu zake aliandika juu ya dawa hiyo, akaonyesha jinsi ilivyojikinga yenyewe. Mtu akiuawa, husemwa kwamba aliogopa, au aliiba, au alimgusa mwanamke. Nani atabisha? Marehemu hana kinywa. Na aliyepona na jeraha, je, atakiri mbele ya wenzake kwamba aliogopa? Kwa hiyo dawa haikushindwa hata siku moja. Aliyeshindwa alikuwa mtu.

Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Uongo wa kwanza ulimtuma kijana mbele ya bunduki akiwa kifua wazi. Uongo wa pili ulimfuata hata kaburini, ukamwibia heshima yake. Mama yake alipoteza mwana, kisha akaambiwa kwamba mwana huyo alikuwa mwoga au mwizi. Hata mchezo wa simu una haki kuliko hayo, maana ngao yake huvunjika waziwazi, na hakuna anayesema kwamba shujaa alitenda dhambi.

Je, sisi tulio kanisani tumesalimika? Hebu tujichunguze. Mvuvi hutoka jioni na taa zake kwenda kutafuta dagaa. Upepo huvuma usiku, na asubuhi mtumbwi haurudi. Kabla matanga hayajaisha, wako watakaonong'ona kwamba nyumba ile haikuwa na maombi, au kwamba ipo dhambi iliyofichwa. Mama huombewa mtoto wake mwenye malaria. Mtoto akifa, mama huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Wanaosema hivyo ni sisi. Tumeuchukua mwiko wa mganga tukauvika kanzu.

Mtu aweza kutujibu: "Lakini Bwana Yesu mwenyewe alisifu imani, tena aliwakemea wanafunzi kwa uhaba wa imani yao." Ni kweli. Lakini tuisome habari hiyo vizuri katika Injili ya Marko, sura ya 4. Wanafunzi walikuwa chomboni, dhoruba imepiga, nao wamejaa hofu. Bwana alituliza bahari kwanza, ndipo akawauliza juu ya imani yao. Hofu yao haikumzuia kuwaokoa. Na alipofika kwenye kaburi la Lazaro hakuwauliza Martha na Mariamu walikosa nini. Alilia pamoja nao. Walipotajwa wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Tena tumtazame Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane. Alihuzunika, akafadhaika, akaomba kikombe kimwepuke. Kwa sheria ya mganga, usiku ule angehesabiwa kuwa amevunja mwiko mkubwa. Kwa Baba yake hakuhesabiwa hivyo. Kikombe hakikuondolewa, wala Mwana hakukataliwa. Hii ndiyo tofauti kati ya imani na dawa. Dawa humwahidi mtu kwamba hatakufa, kwa sharti asiogope. Imani humruhusu aogope, tena aseme hivyo mbele za Mungu, wala haimwahidi kwamba mkuki hautampata. Wale vijana watatu wa Babeli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa mwezi wa Februari 1977. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba hakuwa na imani?

Basi, ndugu, hatuna budi kurekebisha mambo mawili. Kwanza, tusimwone mvuvi avaaye jaketi la kuokolea kuwa hana imani, wala mama amwahishaye mtoto zahanati. Risasi, maji na malaria havisomi mioyo. Mungu ametupa akili ili tujikinge navyo, na sala ili tusiwe peke yetu. Pili, twendapo msibani tuwe na adabu. Tubebe kuni, tuteke maji, tuketi na wafiwa. Tusimtafutie marehemu kosa ili sisi tulio hai tujione salama. Maana ndiyo siri ya maneno yale: tunamlaumu aliyekufa kwa sababu twaogopa kwamba kesho ni zamu yetu. Afadhali tukiri hofu hiyo. Bwana wetu anaijua, kwa kuwa alikwisha kuionja.

Mungu awafariji wote waliofiwa katika mwambao huu, na atusamehe maneno tuliyowaambia. Amina.