Usingoje Januari

Kila mkesha wa mwaka mpya tunamwekea Mungu nadhiri. Mmoja atasoma Biblia yote kabla ya Desemba, mwingine ataweka akiba ya ada ya mtoto, mwingine ataacha pombe. Ifikapo Machi wengi wamekata tamaa. Je, ni kwa sababu imani yetu ni ndogo?

Nakumbuka baba mmoja aliyeacha pombe. Nilimsifu mbele ya usharika wote. Baada ya miezi miwili akanywa tena, na tangu hapo hakuonekana ibadani. Nilipomtembelea aliniambia, "Mchungaji, nitarudi nikishakuwa sawa." Maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimesifu ushindi wake, lakini sikumfundisha la kufanya siku ya kushindwa.

Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba maana ya Ubatizo huendelea maisha yote: kila siku utu wa kale unazamishwa kwa toba, na kila siku mtu mpya anainuka. Luther hakutazamia Mkristo asiyeanguka kamwe, bali Mkristo anayerudi. Mtume Paulo naye anawakiri Wafilipi (3:12-14) kwamba bado hajafika, ila anakaza mwendo, kwa kuwa Kristo alikwisha kumshika.

Anayetafuta thamani yake katika lengo, akianguka mara moja huona amepoteza vyote, naye hujificha. Aliyepokelewa kwa neema anaweza kusema kweli na kuanza tena. Wengine huuliza: neema hiyo haitatufanya wavivu? La. Aibu ndiyo inayomlaza mtu chini. Msamaha humwinua arudi kazini.

Basi, kila asubuhi ujikumbushe kwamba umebatizwa. Omba nguvu ya siku hiyo moja, si ya mwaka mzima. Soma sura moja, weka akiba hata kidogo, kataa glasi ya leo. Mwambie mwenzako wa jumuiya lengo lako, naye akuombee.

Baba yule alirudi, akaketi benchi la nyuma. Vita yake haijaisha, lakini sasa hapigani peke yake. Nawe uliyeanguka, usingoje Januari, wala usingoje uwe sawa. Njoo Jumapili hii.