Mnawalisha Sumu, Kisha Mnawaita Wachawi

Sikieni, watu wa Gatwekera na Lindi, wa Silanga na Makina kule Kibera. Sikieni nanyi wa Gatina, Kabiro na Congo kule Kawangware. Serikali nitaifikia. Kwanza nasema nanyi mnaopeana sumu mkono kwa mkono, kwa bei ya kutupa, huku mkiitana jirani.

Ole wako unayekaanga chipsi kwa mafuta ya transfoma. Unajua yalikotoka. Mtu alipanda mlingoti usiku, akafungua mtambo wa stima, akakinga mafuta kwa jerikeni, mtaa ukabaki gizani. Kenya Power imelalamikia wizi huu miaka nenda miaka rudi. Wewe unayapenda kwa kuwa hayaishi upesi karaini. Transfoma kuukuu huweza kuwa na PCB, kemikali ambayo mataifa yalikubaliana kuiondoa kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001. Huko Marekani watafiti waliwafuatilia wafanyakazi wapatao 17,000 wa viwanda vya vifaa vya umeme vilivyotumia kemikali hiyo. Mwaka 2006 walitoa matokeo: miongoni mwa wanawake walioipata kwa wingi, vifo vya Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, na vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu vilizidi matarajio. Hao waliipata kazini, kwa ngozi na kwa pua. Wewe unamfungia mtoto wa shule kwa karatasi, unamnyunyizia na chumvi.

Ole wako unayepita vichochoroni ukinadi dawa ya kunguni katika vichupa visivyo na lebo. Sumu ya shambani unaipima kwa kifuniko, unaikoroga na maji, na mama anaipulizia kwenye godoro atakalolalia mwanawe usiku uo huo, katika chumba cha futi kumi kwa kumi kisicho na dirisha. Unamwambia, "Hii ni kali, mathe." Ukali ndio unaouza. Mwaka 1982, kule California, vijana waliojidunga heroini bandia walikakamaa viungo ghafla, wakashindwa hata kusema, mfano wa wazee walioishi na Parkinson miaka mingi. Ndani ya dawa ile ilikutwa MPTP, sumu inayozima kinu cha nguvu ndani ya seli za ubongo zinazoongoza mwendo. Rotenone, sumu ya kuulia wadudu, huzima kinu hicho hicho. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya wa maabara wakipewa kidogo kidogo hukakamaa na kupungukiwa na mwendo. Je, unajua kilichomo kichupani mwako? Kama hujui, unauza nini?

Ole wenu wa skrapu. Mnachoma nyaya mpate shaba, na moshi mweusi unaingia madarasani. Mnapasua betri za magari kwa nyundo, asidi mnaimwaga mtaroni, risasi mnaiyeyusha mlangoni pa mtu. Watoto wa chini ya miaka 5 walipopimwa damu Kibera, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, asilimia 7 walikutwa na risasi iliyozidi mikrogramu 10 kwa desilita. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linataka hatua zianze kuchukuliwa ikifika 5, na linasema hakuna kiwango kilicho salama. Petroli yenye risasi Kenya iliiacha mwaka 2006. Hatuwezi tena kuyasingizia magari kila kitu. Nawe unayesubu sufuria kwa vyuma vya injini na mabaki usiyoyajua, jua kwamba sufuria za alumini za namna hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilipimwa, na matokeo ya mwaka 2017 yakaonyesha kuwa karibu theluthi moja zilitoa risasi ya kuhatarisha afya kwenye chakula.

Nanyi mnaowasha jiko la makaa kwa plastiki, mkifunga mlango mvua ikinyesha, msinyamaze mkadhani mmepita. Tangu 2020 jopo la wataalamu la jarida la Lancet limeuhesabu uchafu wa hewa miongoni mwa visababishi vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu vinavyoweza kuepukika.

Sisemi kila mzee anayetetemeka alilishwa sumu. Uzee wenyewe una mchango wake, na damu ya ukoo ina wake. Lakini risasi haisahau. Huingia mfupani ikakaa miongo, na mwili ukizeeka, mfupa ukaanza kulika, hurudi damuni. Kuna kima wa maabara waliopewa risasi wakiwa wachanga, kisha wakaachwa bila kupewa tena. Walipochunguzwa wakiwa na miaka 23, katika utafiti wa mwaka 2008, bongo zao zilikuwa na dalili nyingi zaidi za ugonjwa wa Alzheimer kuliko za wenzao. Mtoto anayelamba vumbi la Laini Saba leo amekopeshwa deni atakalolipa akiwa na mvi.

Na akifikia mvi hizo, hapo ndipo uovu wetu unapotimia. Akipotea njia ya nyumbani, tunasema amerogwa. Mikono ikimtetemeka, tunasema ni chang'aa. Akizurura usiku, tunasema anaroga. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo. Sijui afya ya kila mmoja wao, wala sihitaji kuijua ili kukemea: mtaa unaomwaga sumu mchana na kutafuta wachawi usiku hauna haki ya kuuliza nani kamloga nani.

Mtanijibu kwamba mwenye njaa hana miiko. Njaa ya nani? Njaa inamtetea anayenunua chipsi za bei rahisi kwa sababu hana kingine. Haimtetei anayejua na bado anauza. Chipsi zako, wanao unawapa? Kichupa chako, ungekipulizia kitandani mwa mamako?

Nayo serikali isichekelee pembeni. Askari wa kanjo hupita hapo hapo, hunusa moshi, hupokea chake na kwenda. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga risasi katikati ya makazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikawa miongoni mwa waliobebeshwa mzigo huo. Nanyi wenye nyumba mnaokusanya kodi Kibera na Kawangware mkiishi kwingine, dirisha mlilokataa kutoboa limo katika hesabu hii.

Basi acheni. Mafuta yasiyo na lebo, yamwageni mbele ya aliyewaletea. Kichupa kisicho na jina, msikinunue. Godoro lianikeni juani, kitanda kimwagieni maji ya moto. Betri isipasuliwe mahali watoto wanachezea, wala waya usichomwe karibu na shule. Jiko liwasheni nje. Mzee akianza kusahau au kutetemeka, mpelekeni hospitali kabla hamjamtafutia mganga. Na mnayemjua anauza sumu, mtajeni kwa chifu, mtajeni kanisani, mtajeni msikitini, hata kama ni ndugu. Anayejua na bado anauza si jirani, na anayejua akanyamaza amekula naye faida.